Nazi ya mbuzi, ya mashine sokoni, ya blenda au ya kopo: hapa Dar upikie ipi?

Jirani yangu mmoja kahamia huku Temeke hivi karibuni akitokea Moshi, mume wake kapata kazi bandarini, sasa juzi jioni kaja kunigongea na kopo la tui mkononi, ananiuliza "dada samahani, hili linamwagwa lote au linachanganywa na maji?" Nikamwambia ingia ndani kwanza ukae, swali hilo halijibiwi mlangoni. Tukakaa mpaka adhana ya isha. Niliyomwambia nimeona bora niyaandike, maana kila siku nakutana na watu wageni hapa mjini wanahangaika na nazi, wengine wanakata tamaa wanarudi kwenye mafuta ya alizeti, ukiwauliza wanakwambia "mi wali wa nazi unanishinda". Wala hawajashindwa, wamechukua nazi isiyoendana na wanachokipika.

Hapa Dar tui unalipata kwa njia nne. Unakuna mwenyewe kwa mbuzi, unakuniwa sokoni kwa mashine, unasaga nyumbani kwa blenda, au unanunua la kiwandani, la kopo, la boksi au la unga. Watu wakibishana ipi nzuri wanabishania kifaa tu, mi naona swali la kwanza ni jingine kabisa: nazi hii imepasuliwa saa ngapi? Maana nazi ikiwa ndani ya kifuu chake inakaa wiki na wiki, haina neno, ila ikishapasuliwa ndo basi, inaanza kuharibika, na kwa joto letu la Januari na Februari inaharibika upesi mno, na ikikunwa ndo zaidi kwa sababu nyama yote imesambaa imekutana na hewa. Tui lenyewe ni matone madogo sana ya mafuta ndani ya maji, protini kidogo ya nazi ndo inayashika yasiachane. Likikaa, mafuta yanapanda juu. Likikaa zaidi linachacha. Kwa hiyo kila njia ntakayoitaja we angalia huo muda kwanza.

Nianze na mbuzi kwa sababu ndo niliyolelewa nayo. Kwa asiyeijua, ni kigoda cha mbao cha kukunja, mbele kimetoka chuma chenye meno, unakikalia, unaweka bakuli chini ya meno, unashika nusu ya nazi kwa mikono miwili unaizungusha. Uzuri wake mkubwa ni kwamba we mwenyewe ndo unaamua uishie wapi. Nyama ya nazi upande wa kwenye kifuu ina ngozi ya kahawia, ukikuna kwa mkono ukiiona tu inaanza kutokea unaacha, tui linatoka jeupe pee, tamu, halina ukakasi. Na kutoka kupasua mpaka kukamua hazifiki dakika ishirini hata ukiwa taratibu.

Bibi yangu mwenye asili ya Mafia alikuwa anakamulia kwa kifumbu, kile kifuko kirefu cha kusuka, siku hizi sie tunatumia chujio la plastiki na maisha yanaenda. Alichokuwa haachi ni kutenganisha matui. La kwanza anakamua kwa maji kidogo sana, anaita kasimile, analifunika kwa kawa analiweka pembeni. La pili na la tatu, yale mepesi, ndo anachemshia wali au anapikia mboga mpaka iive, kasimile linaingia mwishoni kabisa moto ukiwa mdogo. Ukifanya hivo chakula kinanukia nazi kwa sababu tui zito halijachemshwa nusu saa likaisha harufu yote. Ukilimwaga lote kwa pamoja mwanzoni alafu ukaweka moto mkali bila kukoroga, linakatika, unabaki na mafuta yanaelea juu na vichembe vyeupe chini, ladha ipo ila mchuzi hauna sura.

Ubaya wa mbuzi ni mgongo na muda. Nazi moja nakuna kama dakika saba, sasa kilo moja ya mchele mi naweka nazi mbili, ukijumlisha kupasua na kukamua mara tatu, umetumia nusu saa kabla hujabandika chochote. Mtu anatoka Posta saa kumi na moja, foleni, daladala, anafika Mbagala saa mbili usiku, huyo kumwambia akakalie mbuzi ni kumuonea. Na wenye matatizo ya kiuno au magoti hawawezi kukaa pale chini, mama yangu aliacha kwa sababu hiyo na alikuwa anakuna kuliko mimi.

Hapo ndo mashine ya sokoni inapoingia, na nikwambie ukweli, wanaoidharau wananishangaza. Ile mashine ni mbuzi inayozunguka kwa mota, kichwa cha chuma chenye meno, muuzaji anapasua nazi, anagandamiza nusu pale, ndani ya dakika moja nazi nzima imeisha. Nenda Tandika, Buguruni, Ilala, Mabibo, Mwananyamala, hukosi. Ikikunwa mbele ya macho yako kwa nazi uliyoichagua mwenyewe, ukafika nyumbani ukakamua palepale, haipishani sana na ya mbuzi. Narudia, mbele ya macho yako. Kosa linalowaponza wengi ni kununua ile iliyokwisha kukunwa imefungwa kwenye vifuko imepangwa juu ya meza. Hujui imekunwa asubuhi au jana, hujui nazi zilikuwaje, hujui kama imechanganywa na chicha, yaani makapi ya nazi ambayo mtu mwingine keshaikamua. Mi yamenikuta. Nilikuwa na wageni wa ukweni, nikachelewa, nikapitia kuchukua vifuko viwili vya tayari, kukamua naona tui linatoka sawasawa, wali ulipoanza kukauka ndo harufu ikatoka, ile ya mafuta yaliyokaa, huwezi kuificha kwa iliki wala mdalasini. Niliumia sana siku ile, mama mkwe alikula kimya.

Ukienda sokoni basi fanya hivi. Chagua nazi nzito kuliko inavyoonekana, itikise usikie maji, isiyolia maji iache. Angalia yale macho matatu, yawe makavu hayana ukungu wala unyevu, kama kuna ufa hata mwembamba rudisha. Muuzaji akiipasua mwambie akupe maji yake uonje, au nusa tu, maji yakiwa na harufu ya kuchacha au ya mafuta hiyo nazi ni mbovu hata kama nyama yake ni nyeupe, na muuzaji muungwana anakubadilishia bila neno. Ukikuta ndani kuna joya, lile tunda laini kama sponji, ujue nazi ilikuwa imeanza kuota, watoto watashangilia maana ni tamu, ila nyama ya nazi hiyo inakuwa imepungua mafuta, tui lake jepesi. Alafu kuna swali ambalo muuzaji atakuuliza, "mama nikukunie au unabeba nzima?" Kama unapika jioni hiyohiyo na huna njia ndefu, mwambie akune, na umwambie asifike kwenye weusi, wengi wanasukuma mpaka kifuu kinalia, tui linatoka na rangi ya udongo na ukakasi. Kama unapika kesho beba nzima. Tena muombe akurudishie vifuu vyako kama bado unapikia mkaa, vinawaka vizuri sana.

Bei sitaipigia hesabu ndefu. Mtaani kwetu nazi inauzwa kwa ukubwa wake, na Ramadhani ikikaribia bei inapanda kwa sababu mji mzima unapika futari ya nazi kwa wakati mmoja, mihogo, magimbi, viazi vitamu, ndizi, kila sufuria. Wengine wanalaumu wauzaji, lakini nazi yenyewe inatoka mbali, Mafia, Mkuranga, Kibiti, Bagamoyo, Tanga, Zanzibar, na minazi ya pwani kwa miaka mingi imepigwa na ugonjwa wa kunyong'onyea, mnazi unaangusha nazi changa, makuti yanageuka njano, mwisho kinabaki kigogo kimesimama. Tatizo hili la zamani, mpaka mwaka 1979 ukaanzishwa mradi wa taifa wa kuendeleza minazi, makao yake Mikocheni hapahapa mjini, ndo kituo ambacho leo kinaitwa TARI Mikocheni, cha taasisi ya utafiti wa kilimo. Na mnazi mrefu wa kienyeji ukiupanda leo unasubiri miaka sita na zaidi ndo uanze kuzaa. Kwa hiyo anaeng'oa mnazi mzima ajenge fremu za maduka, mi moyo unaniuma kwelikweli.

Blenda. Hii vijana wanaipenda na mi siipingi, ila inahitaji ujue inachofanya. Unapasua nazi, unabandua nyama kwa kisu (hapo kuwa makini, visu vinateleza, jirani yangu mwingine alishonwa nyuzi tatu), unakatakata vipande vidogo, unasaga na maji ya uvuguvugu, unachuja. Inatoa tui jingi kwa sababu visu vinasaga nyama mpaka inakuwa kama uji, nguvu ya kukamua inakuwa ndogo. Shida ni mbili. Ya kwanza, ile ngozi ya kahawia inasagika yote labda uwe na subira ya kuimenya kwanza, kwenye kisamvu au maharage haisumbui, kwenye wali mweupe inaonekana. Ya pili, machicha madogomadogo yanapita kwenye chujio la kawaida, ukinywa mchuzi unayasikia kwenye ulimi, kwa hiyo tumia kitambaa safi cha pamba. Na umeme ukikatika na vipande vyako viko kwenye jagi, ndo umebaki unaangalia.

Hilo la maji ya uvuguvugu lifuate kwa nazi yoyote. Mafuta ya nazi yanaganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi, sasa asubuhi za Juni na Julai hata hapa Dar maji ya kwenye ndoo yanakuwa ya baridi, ukikamulia hayo mafuta yanabaki kwenye chicha unawatupia kuku. Yasiwe ya moto ila, uvuguvugu tu wa kumuogeshea mtoto.

Sasa kopo, na boksi. Jirani yangu nilimuona ana wasiwasi nitamcheka, sikumcheka, tui la kopo lina kazi yake. Nazi yake imepasuliwa miezi mingi iliyopita, mara nyingi Thailand, Indonesia au Sri Lanka, limepikwa kwa joto kali kiwandani ndo likafungwa, kwa hiyo kwa ule muda niliousema mwanzo ndo lililo mbali kuliko yote, harufu ile ya nazi mbichi haipo tena, imebaki ladha na mafuta. Ukilinunua geuza kopo usome. Angalia asilimia ya nazi, utakuta moja limeandika 80, lingine limeandika 50 na kitu, kinachobaki ni maji, na unalipia maji kwa bei ya nazi. Angalia namba za E, E412 na E415 ni vitu vya kushikisha tui liwe zito lisiachane, E435 inasaidia mafuta na maji yashikane, E223 ni ya kulinda rangi lisigeuke, na hii ya mwisho wenye pumu wengine inawasumbua kwa hiyo kama nyumbani kuna mgonjwa soma vizuri. Lililoandikwa nazi na maji tu ndo zuri, ukifungua ukakuta juu pameganda mafuta chini maji usilitupe, halijaharibika, hivo ndo linavyotakiwa kuwa, koroga tu. Na usichanganye na lile lenye sukari linalouzwa kwa ajili ya vinywaji, makopo yanafanana, ukipikia samaki utalia.

Hivyo vya kushikisha ndo vinavyoniudhi kwenye samaki. Niliwahi kupikia changu wa kupaka kwa boksi la bei nafuu, tui likachemka likawa zito kama uji wa wanga, halipungui likatoa mafuta yake wala halimshiki samaki, linamkalia juu tu kama blanketi. Ndimu nikaweka, pilipili nikaweka, haikuwa. Samaki nilimtoa soko la Feri alfajiri akiwa bado anang'aa macho, kuja kumpikia hivo niliona nimemkosea. Kwenye maharage lakini, au mbaazi, au njegere, boksi hilohilo linakubali bila shida, kwa sababu maharage yana uzito wake na vitunguu na nyanya vinaziba lile pengo la harufu. Kopo la jirani yangu tulilitia kwenye maharage yangu jioni ileile, tukaliongezea maji kikombe kimoja maana lilikuwa zito, watoto walisafisha sufuria.

La unga sina mengi. Ni jepesi kubeba, mwanafunzi wa hosteli au mtu wa safari litamsaidia, ila mengi yana wanga wa kuongezea na protini ya maziwa ya ng'ombe ndani yake, mwenye mzio wa maziwa asidhani nazi ni nazi.

Sasa kwa chakula. Wali wa nazi na samaki wa kupaka, mi sina mjadala, nazi iliyopasuliwa siku hiyo, ya mbuzi ukiweza au ya mashine uliyoisimamia. Mchicha na kisamvu, ya mashine au blenda inatosha kabisa. Kashata unahitaji machicha yenyewe yenye tui lake ndani, kopo halina nafasi hapo, na mashine isiwe imefika kwenye weusi. Vitumbua ndo sehemu ambayo blenda inawashinda wote na siongezi chumvi, kwa sababu mchele ulioloweka unausaga humohumo na tui lako na hamira na iliki, donge linatoka laini, mbuzi hapo unajichosha bure. Futari ya watu wengi nenda sokoni ukakuniwe nazi kumi kwa pamoja, upeleke nyumbani haraka, hakuna mtu wa kukaa na mbuzi saa nane mchana amefunga, kiu inamkausha. Mbaazi za asubuhi za kula na maandazi, fungua kopo, hata mgeni kutoka Tanga hatakuuliza.

Na kwa maisha yako. Anaefanya kazi mpaka usiku, nunua nazi nzima tano sita Jumamosi, zikae, Jumapili kuna au kasage zote, kamua tui zito tu, mimina kwenye vimfuko vidogo vya kipimo cha kupikia mara moja, gandisha kwenye friza. Likiyeyuka litaonekana limeachana, lipashe taratibu huku unakoroga linarudi. Hii ni bora mara kumi kuliko kopo na hela inabaki. Asie na friji apitie sokoni anaporudi, hata usiku Buguruni unapata, na asinunue kifuko cha tayari. Anaeishi ghorofani na hawezi kugonga nazi usiku, aipasue kwa muuzaji abebe nusu mbili zikiwa na nyama yake, bado zitavumilia masaa kadhaa kuliko iliyokunwa. Anaepika shughuli za watu mia, hilo la mashine tu. Na mwenye presha au aliyeambiwa na daktari apunguze mafuta, nazi mafuta yake mengi ni yale yanayoganda, apikie tui la pili na la tatu aache kasimile, chakula kitakuwa bado cha nazi.

Jirani yangu kaniambia anataka mbuzi, anataka kujifunza kwa mkono. Nimefurahi sana, mi mwenyewe kwenye kichenpati yangu nilipewa mbili na moja bado ninayo. Jumamosi nampeleka Kariakoo. Mbuzi unainunua kwa kuikalia palepale, kigoda kisiyumbe, mguu usipate nafasi ya kucheza kwenye ile sehemu inapokunjwa, meno uyapapase kwa kidole kwa upande, yawe yamechongwa sawasawa, yakiwa butu yanakwangua badala ya kukuna. Chuma kisiwe na kutu. Ukimaliza kukuna unakiosha, unakifuta kikauke, unakipaka mafuta ya nazi kidogo yale yaliyobaki mkononi, na mbuzi unaikunja unaiweka juu ya kabati ambapo mtoto hafiki.